Asali iliyochacha dumuni: uchambuzi wa kisa cha wafugaji nyuki wa Micheweni

Kikundi cha wafugaji nyuki katika shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba, kilirina asali katikati ya Aprili, masika yakiwa yameshashika. Mizinga ilikuwa 22 ya viunzi, yaani vipande vya mbao vinavyolazwa juu ya mzinga ili nyuki wajenge sega chini ya kila kimoja, na kati yake 14 ilikuwa na nyuki. Imetundikwa ukingoni mwa mikoko, nyuma yake minazi na mikarafuu. Yalijaa madumu matatu ya lita 20. Baada ya wiki tatu mnunuzi wa Chake Chake aliyarudisha yote. Dumu moja lilikuwa limefura ubavuni. Kifuniko kilipolegezwa palitoka upepo na povu jeupe, na harufu ilishaelekea kwenye tembo la mnazi. Mnunuzi alitamka neno zito kuliko yote katika biashara hii: mmetia maji.

Kikundi hakitajwi, na vipimo vilivyomo humu vimepangwa kwa ajili ya kufundishia. Lakini kila kosa la kisa hiki ni kosa linalofanyika kweli kwenye visiwa na pwani zenye hewa nzito. Hoja yetu ni hii: Pemba, asali huharibiwa na maji ambayo hakuna aliyeyatia kwa mkono wake, na mafunzo yanayoishia kwenye kutengeneza mzinga hayawezi kuyazuia maji hayo.

Kinachotokea ndani ya dumu

Asali ni sukari nyingi ndani ya maji machache. Humo mna hamira za asili zinazotoka kwenye maua, kwenye nyuki na kwenye vyombo, nazo hustahimili utamu. Maji yakiwa chini ya asilimia 17.1 hazifanyi kitu. Kati ya 17.1 na 18 asali hukaa salama mradi hamira zisizidi 1,000 kwa gramu. Kati ya 18.1 na 19 zisizidi 10. Kati ya 19.1 na 20 isizidi moja kwa gramu, usafi ambao ndoo ya kijijini haiufikii. Maji yakivuka 20 hatari ipo wakati wote. Kiwango cha kimataifa cha Codex Alimentarius nacho kimeweka mwisho kwenye asilimia 20.

Hamira zikianza kazi hula sukari na kutoa kilevi pamoja na hewa ya kaboni dioksidi. Hewa hiyo ndiyo iliyolifurisha dumu. Baadaye bakteria hukigeuza kilevi kuwa asidi, ndipo asali inapokuwa kali. Kwa watu wa Pemba hili halikomei kwenye ladha. Asali inanunuliwa kwa ajili ya wagonjwa, watoto na futari, na asali yenye kilevi haifai hata moja kati ya hayo. Kwa hiyo mnunuzi alikuwa na haki ya kurudisha mzigo, ingawa hakuwa na haki ya tuhuma aliyoitoa.

Tuhuma zilizopimwa na kuondolewa

La kwanza lilikuwa maji ya kutiwa. Wanakikundi walijitetea kwa njia ya kiberiti: njiti iliyochovywa ikiwaka, asali ni safi. Njia hii haipimi chochote cha maana. Njiti huweza kuwaka kwenye shira ya sukari na ikakataa kwenye asali halisi yenye ubichi kidogo. Kuangalia tone likizama ndani ya glasi ya maji, au kungoja kuona kama sisimizi wataigusa, ni vivyo hivyo. Kupima uzito nako hakusaidii sana: dumu la lita 20 lililojaa asali huwa na kilo 28 hivi, na tofauti kati ya asali ya maji asilimia 20 na ya 21 ni gramu mia moja na kidogo tu kwa dumu zima, ambazo mzani wa dukani hauzioni.

La pili lilikuwa mende mdogo wa mizinga, Aethina tumida, ambaye asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Funza wake wakilishika sega, asali hutoa utelezi na kuchacha kwa harufu ya machungwa yaliyooza. Masega yaliyokamuliwa yalichunguzwa na hayakuwa na funza wala utelezi.

La tatu husahaulika mara nyingi, nalo ni asali ya nyuki wadogo wasiouma. Asali yao kwa asili huwa na maji ya asilimia 25 hadi 35, na haiko chini ya kiwango cha asali ya kawaida kwa kosa la mtu. Chupa moja yake ikimiminwa ndani ya dumu la nyuki wakubwa hulipandisha dumu zima. Kikundi kilithibitisha kwamba haikuchanganywa.

Yalibaki maswali mawili: asali ilitoka mzingani ikiwa na maji kiasi gani, na ilipokea mangapi baada ya hapo?

Vipimo

Kilichotumika ni refraktomita ya asali, kifaa cha mkononi kinachosoma maji kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya tone. Bei yake inabebeka na kikundi kizima, lakini ikitumiwa vibaya inadanganya. Kwanza hurekebishwa kwa mafuta ya kipimo yanayokuja nacho. Yakiisha, mafuta halisi ya zeituni husoma karibu na asilimia 27 kwenye skeli ya maji, na yanatosha kugundua kifaa kilichopotoka sana. Tone hupakwa bila viputo vya hewa, kioo kinafungwa, na msomaji anangoja nusu dakika ili asali na kioo vilingane joto. Vifaa vingi vinavyojirekebisha vyenyewe hufanya hivyo kati ya nyuzi joto 10 na 30 tu. Mchana wa kaskazi chini ya bati unapita hapo. Kisichojirekebisha kimepimwa kwa nyuzi 20, na kila nyuzi moja ya zaidi huongeza karibu 0.1 kwenye usomaji, kwa hiyo kikionyesha 20.4 kwenye nyuzi 30, ukweli ni karibu 19.5. Ni bora kupima alfajiri, ndani ya chumba. Kila sampuli husomwa mara tatu, kioo kikifutwa kwa kitambaa chenye maji na kukaushwa kabisa kila mara.

Masega ya aina moja na yale yaliyorinwa, yaliyokuwa bado mizingani, yalisoma hivi: lililofunikwa lote kwa nta 19.2, lililofunikwa nusu 24, lisilofunikwa 27. Dumuni: juu 24.8, katikati 21.9, chini 21.3.

Tofauti ya juu na chini ina maana kubwa. Asali nyepesi hukaa juu, na povu huanzia hapo. Mtu anayechota sampuli kwa kijiko juu tu atalilaumu dumu lote; anayefungua bomba la chini atadhani hatari ni ndogo kuliko ilivyo. Koroga polepole kwanza, kisha pima.

Maji yaliingilia wapi

Njia kuu ilikuwa kurina masega mabichi, yaani yale ambayo nyuki hawajamaliza kuyakausha na kuyafunika kwa nta. Chukua sehemu tatu za asali ya 19.2, changanya na sehemu moja ya 24, utapata 20.4. Robo tu ya masega mabichi inatosha kuivusha asali nzuri mpaka wa hatari, na kikundi hiki kilikuwa kimekata karibu kila kilichoonekana kina asali.

Kwa nini walikata vyote? Hapa ndipo kisa kinapofundisha zaidi, kwa sababu jibu la haraka, kwamba wana pupa, si la kweli. Walirina saa mbili usiku kwa tochi, kwani nyuki wao ni wakali mchana. Nyuki wa ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao F. G. Smith aliwaeleza mwaka 1961 kwa jina la Apis mellifera litorea, ni wadogo wa umbo, na kama jamaa zao wa Kiafrika hujilinda kwa haraka na huhama wakisumbuliwa. Woga wa wafugaji ulikuwa na msingi. Lakini kwa mwanga wa tochi iliyopakwa moshi na wavu wa usoni, kifuniko cha nta na uso wa asali mbichi unaong'aa ni vigumu kuvitofautisha.

Kulikuwa na sababu nyingine chini ya hiyo. Viunzi vingi vilikuwa na upana wa milimita 36 hadi 38, fundi akiwa amekata kwa kukadiria. Kwa nyuki wa Afrika kiunzi kinatakiwa kiwe milimita 32, kwa sababu huo ndio umbali wa kati ya sega na sega wanaojenga wenyewe. Kikizidi, sega la kwanza hukaa sawa, la pili huanza kupotoka, na kufika la tano limeshapita juu ya viunzi viwili. Hapo huwezi kuinua sega moja, kuliangalia na kulirudisha. Ukivuta kimoja unapasua mawili, asali inamwagika, nyuki wanakasirika, na njia pekee inayobaki ni kukata yote na kukimbia. Kosa la milimita nne hadi sita la karakana lilikuja kuonekana dumuni.

Njia ya pili ilikuwa hewa. Masega yalivunjwavunjwa kwenye mabeseni mapana na kuachwa barazani usiku kucha yachuruzike kwenye kitambaa. Asali huvuta maji hewani mpaka zilingane. Kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 60 hutulia kwenye maji 18.3, kwenye asilimia 70 hutulia kwenye 24.2, kwenye 80 hufika 33.1. Pemba wakati wa masika, usiku, hewa hupita 80 bila shida. Maana yake asali iliyo wazi barazani inanyonya maji kila dakika, na beseni pana ndilo baya zaidi kwa kuwa uso wake ni mkubwa. Mfugaji wa nyanda kavu za bara anaweza kuacha ndoo wazi usiku mmoja asipate hasara. Ushauri ulioandikwa kwa ajili yake haufai kunakiliwa Micheweni.

Ya tatu ilikuwa madumu yenyewe. Yalikuwa ya mafuta ya kula, yakaoshwa vizuri, yakapinduliwa, yakajazwa. Ndani ya dumu lenye shingo nyembamba hubaki maji ambayo jicho haliyaoni. Robo lita ikibaki, asali ya 19.5 inakuwa 20.2. Dumu la asali likaushwe siku nzima ya jua likiwa wazi, na bora zaidi ni ndoo ya chakula yenye mdomo mpana, ambayo mkono unaingia na kitambaa kikavu kinafika chini.

Mizinga nayo ilichangia

Nyuki hukausha mbochi, maji matamu ya maua, kwa kuutandaza vyumbani na kupepea kwa mbawa. Kundi linaloweza kufunika viunzi vinane au tisa lilikuwa ndani ya mzinga wa viunzi 28, hewa baridi na unyevu vikizunguka nafasi tupu. Ubao wa kugawia, uliokatwa kwa umbo la mzinga na kusogezwa kadiri kundi linavyokua, ni kipande cha bei ndogo kinachofanya kazi kubwa. Mizinga minne ilikuwa na bati lenye matundu ya misumari, na mvua ilidondokea kwenye viunzi. Mingine ilikuwa ndani kabisa ya kichaka cha mkandaa ambako upepo haupiti na maji ya bamvua hufika karibu. Mikoko ni malisho mazuri, hasa mchu, lakini malisho si lazima yawe makazi, nyuki wataruka. Manzuki, yaani mahali pa mizinga, yapandishwe kwenye ardhi kavu nyuma ya mikoko, mlango uelekee magharibi ili kusi na kaskazi zote zisiupige uso kwa uso.

Waya wa kutundikia upakwe grisi dhidi ya sisimizi na maji moto, wale chungu wekundu wa mitini. Tunaomba maji moto wa kwenye minazi waachwe. Wao huwinda kidudu kinachoangusha vidaka, na mnazi wenye maua na nazi ni mali ya mfugaji nyuki pia. Kinachotakiwa ni kuwazuia wasishuke kwenye waya, na kukata matawi yanayougusa mzinga.

Kuhusu mikarafuu, wengi huhesabu maua yake kama msimu wa asali. Karafuu huchumwa ikiwa bado tumba, kabla ua halijafunguka. Shamba linalochumwa vizuri halimpi nyuki mengi. Kinachompa ni miti iliyoachwa. Kikundi kilikuwa kimejipangia mwezi wa kurina kwa kufuata kalenda ya bara, ambako misitu ya miombo ina kiangazi kirefu kimoja. Kisiwa chenye masika na vuli kinahitaji kalenda yake.

Namna ya kurina iliyopendekezwa

Kazi ianze saa kumi na moja jioni siku isiyo na mvua, ikiwa imetanguliwa na siku mbili au tatu kavu. Mwanga utoshe kuona nta. Giza likiingia, tochi ifungwe karatasi nyekundu ya nailoni; nyuki hawaoni rangi nyekundu. Makumbi makavu ya nazi hutoa moshi mzuri kwenye bomba la kufukizia, lakini pulizia mlangoni na juu ya viunzi kidogo kidogo, usifukize masega, kwani asali hushika harufu.

Anza upande usio na majana, yaani watoto wa nyuki. Inua kiunzi kimoja, kikae wima muda wote. Sega la kiunzi halina waya, ukililaza linakatika. Kwa sababu hiyohiyo usilitikise kwa nguvu kama wanavyofanya wenye fremu. Sega liwe limefunikwa lote au limebaki na mstari mwembamba chini, na mstari huo ukatwe uwekwe ndoo ya pembeni. Lenye ubichi zaidi ya huo hurudishwa. Baki na masega mawili matatu ya asali jirani na majana, la sivyo kundi litahama.

Jambo moja linahitaji kusisitizwa: kwenye hewa hii hata sega lililofunikwa lote linaweza kusoma 20 au zaidi. Kwa hiyo kufunikwa ni sharti la kuingia ndoo ya kwanza, na refraktomita ndiyo inayoamua kama ndoo hiyo inauzwa kwa mnunuzi wa mbali au inaliwa nyumbani ndani ya wiki chache. Ziwe ndoo tatu zenye mifuniko ya kubana: iliyofunikwa yote, ya vipande vya pembeni, na ya masega yenye majana au chavua. Ndoo ya kwanza isichanganywe na nyingine hata kijiko.

Kukamua kufanyike usiku uleule au kesho yake mchana, ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Chujio liwe la nailoni la chakula au kitambaa cha shashi kikavu, nalo lifungwe mdomoni mwa ndoo na kufunikwa juu yake. Chandarua kisitumike: vingi vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo inahamia kwenye asali.

Kuikausha asali juani au jikoni ni jaribu linalowajia wengi. Jua la wazi linaipasha bila kuondoa unyevu wa hewa, na joto hujenga kemikali ya HMF, dalili ya asali iliyopashwa, ambayo Codex imeiwekea mwisho wa miligramu 80 kwa kilo kwa asali ya nchi za joto. Kwenye nyuzi 30 HMF hupanda taratibu kwa miezi. Kwenye nyuzi 50 siku tano hadi tisa zinatosha kufika miligramu 30 kwa kilo. Kwenye 70 ni saa chache. Waachieni nyuki kazi ya kukausha, wao wanaiweza.

Mafunzo na utafiti mdogo wa kikundi

Kikundi kilikuwa kimepata semina ya siku moja, mzinga ukiwa mezani bila nyuki. Kilijifunza sehemu za mzinga na faida za nyuki. Hakikuwahi kushika sega bichi na sega lililoiva kwa pamoja, wala kuona tone la kila moja likisomwa. Tunapendekeza somo la kwanza liwe hilo. Mkufunzi alete masega mawili, kila mwanachama asome mwenyewe, aandike namba, kisha wote wapige hesabu ya kuchanganya. Nusu saa ya namna hii inamfundisha mtu kwa nini sega moja bichi linagharimu ndoo nzima.

Jaribio la pili halihitaji maabara. Gawa asali ya ndoo moja mara mbili. Nusu iwe kwenye ndoo iliyofungwa, nusu kwenye beseni wazi barazani. Pima jioni, pima alfajiri kabla ya kukoroga na baada ya kukoroga. Rudia mara moja kwenye masika na mara moja kwenye kaskazi kavu ya Januari au Februari. Matokeo ya shehia yenyewe yatawashawishi watu kuliko maneno ya mgeni.

Jambo la kudumu ni daftari. Kila mzinga uwe na namba. Mara moja kwa mwezi, usiku nyuki wakiwa ndani, upimwe kwa mzani wa kuning'iniza, na kuandikwe: kilo, viunzi vyenye majana, vyenye asali iliyofunikwa, mvua ya wiki hiyo, na miti iliyochanua, mchu, mnazi, mwembe, mzambarau, kila mmoja kwa jina lake. Uzito ukipanda mbochi unaingia. Ukisimama huku vifuniko vikiongezeka, asali inaiva. Ukishuka, nyuki wanakula akiba. Baada ya misimu miwili kikundi kitakuwa na kalenda ya kurina ya ghuba yake. Afisa wa misitu na nyuki, au walimu wa skuli jirani, wanaweza kusaidia kuchora grafu, lakini daftari libaki kwa kikundi.

Madumu matatu na mnunuzi

Asali iliyochacha haikurudishwa sokoni. Kuwalisha nyuki pia kulikataliwa, kwani huwaharisha. Kuichemsha ili kuficha harufu ni udanganyifu. Kilichojadiliwa ni kuiacha igeuke siki kamili, na hukumu ya kuitumia aulizwe mwenye elimu ya dini kabla ya kuanza.

Kwa mnunuzi kikundi kilipeleka namba zote, pamoja na zile zinazokiumiza, na maelezo ya jinsi maji yalivyoingia. Mzigo unaofuata utakuwa na karatasi kwenye kila ndoo: tarehe, namba za mizinga, usomaji wa mara tatu. Mnunuzi mwenyewe apime ndoo inapofika, kwa kifaa kilekile.

Nta ya masega iliokolewa. Iyeyushwe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, isiguse moto moja kwa moja. Inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Sufuria isiwe ya chuma kitupu wala ya shaba, kwa sababu hubadilisha rangi. Maji yawe ya mvua: ya visima vyetu vya mawe ya matumbawe yana chokaa, na chokaa huigeuza nta kuwa sponji isiyokauka. Sehemu ya nta hiyo ipakwe chini ya viunzi vipya vya milimita 32 kwenye mizinga minane iliyo tupu, vuli isijakaribia.